Miaka 59, alama 91: ninunue bunduki mpya au nimlipe kocha?

Swali limetoka kwa dada mmoja, muuguzi mstaafu, mtu wa Tanga anayeishi Uingereza. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo kaka kocha. Nina miaka 59. Bunduki niliishika mara ya kwanza JKT Ruvu mwaka 1986, kwa mujibu wa sheria, kisha sikuigusa tena mpaka nilipostaafu. Mwaka wa pili huu niko kwenye klabu, napiga bunduki ya risasi ndogo, .22, nikiwa nimelala, yadi 25, kwa bunduki ya klabu. Mwanzoni nilipanda haraka, sasa nimekwama: 90, 91, 92, halafu tena 90. Mkono unatetemeka, miwani inanisumbua, na daktari ameniandikia bisoprolol kwa ajili ya presha. Wenzangu klabuni wanasema ninunue bunduki ya kisasa. Binti yangu anasema nimlipe kocha. Mume wangu anasema ninunue cherehani. Je, kwa umri huu bado nina pa kwenda? Na kocha ataona nini nisichokiona mimi, wakati matundu yako pale kwenye karatasi kila mtu anayaona?"

Marahaba dada. Umefanya jambo la maana kuniambatishia picha za kadi sita, maana zimenieleza zaidi ya barua yenyewe.

Kwa wasioujua mchezo huu: kadi ya yadi 25, yaani karibu mita 23, ina shabaha ndogo kumi. Kila moja inapigwa risasi moja, na risasi iliyokaa katikati inapewa kumi. Jumla ni 100. Sasa itazame kadi yako ya 90. Kumi ziko tano. Tisa ziko tatu. Halafu kuna saba na sita. Hizo mbili za mwisho peke yake zimekula alama saba kati ya kumi ulizopoteza, zote mbili zimeanguka chini, na kwa mpangilio ulioniambia unaufuata, ni risasi ya nane na ya tisa. Kadi ya 91 ni hivyo hivyo. Katika kadi sita nimeikuta hadithi hiyo mara tano.

Bunduki mbovu haichagui risasi ya nane na ya tisa. Ingekuwa tatizo ni mtutu au risasi, matundu yangetawanyika kuanzia la kwanza, na hizo kumi tano usingezipata. Ukitaka kuhakikisha, kuna kipimo kisicho na gharama: Jumapili mwombe mpigaji bora wa klabu apige kadi moja kwa bunduki hiyo hiyo na risasi hizo hizo. Akitoka na 97 au 98, elfu kadhaa za pauni zimebaki mfukoni mwako. Nimeona kabati za klabu zina Anschütz, bunduki za shabaha za Kijerumani, za miaka ya 1970, kitako kimechubuka, rangi imepauka, na bado zinapiga kumi juu ya kumi zikishikwa na anayejua.

Basi swali lako la mwisho nalijibu kwanza. Ni kweli matundu kila mtu anayaona, na ndiyo sababu hayakusaidii. Tundu linakupa habari ya jambo lililokwisha kupita. Kocha anayeijua kazi yake hatazami karatasi kabisa. Analala kando yako au anapiga magoti nyuma ya bega lako, anatazama kope la jicho, ncha ya kidole, mgongo unavyopanda na kushuka, kisigino. Mwenyewe huwezi kujitazama, na video za kwenye simu zinamwonyesha mtu mwingine aliyeshika bunduki vizuri. Wewe hazikuoni.

Nikupe langu. Mimi nilianzia kwenye SAR, bunduki ya kijeshi inayompiga mtu begani kama deni la muda mrefu. Niliporudi kwenye mchezo nikiwa na miaka 54, tena na hii .22 ambayo haimsukumi hata mtoto, nilikwama palepale ulipokwama wewe. Nikalaumu risasi. Kocha wangu, mama wa Kiingereza aliyekuwa amestaafu ualimu, hakubishana nami. Alichukua boksi la risasi akasema leo napakia mimi, wewe kazi yako ni kufyatua. Risasi ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu sawa. Ya nne nikavuta triga, ikalia "tik" tu. Alikuwa ameingiza ganda tupu. Na mtutu, ambao haukuwa na sababu yoyote ya kusogea, ulizama mbele ya macho yangu kama kichwa cha mtu anayesinzia kwenye daladala. Jicho nililifumba, bega nikalisukuma mbele. Kati ya mara kumi alinipa ganda tupu mara nne, na mara zote nne nilizama. Hakusema neno. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akaniambia nikojoe ninywe maji, turudie.

Mwili wangu ulikuwa bado unaisubiri SAR, miaka thelathini baadaye. Wewe pia bunduki yako ya kwanza, ya JKT, ilikuwa ya kijeshi, kwa hiyo hizo saba na sita zinazoanguka chini nazitilia shaka kubwa. Lakini kwa nini zije mwishoni mwa kadi? Hapo ndipo tunaingia kwenye umri, na kwenye macho hasa.

Kuhusu umri wenyewe sitakaa sana. Msweden Oscar Swahn alizaliwa 1847, akachukua dhahabu ya Olimpiki Stockholm mwaka 1912 akiwa na miaka 64, na fedha Antwerp mwaka 1920 akiwa na miaka 72, na shabaha yake ilikuwa sanamu ya mnyama paa inayokimbia. Nino Salukvadze wa Georgia, mpiga bastola, alipata dhahabu Seoul mwaka 1988 akiwa msichana wa miaka 19, na mwaka 2024 alikuwa Paris kwenye Olimpiki yake ya kumi, ana miaka 55. Kocha wake alikuwa baba yake mzazi. Na hapo hapo Uingereza, kwenye uwanja wa shabaha wa Bisley, mwaka 1930 Marjorie Foster aliwashinda wanaume wote kwenye shindano la King's Prize, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Sikuambii ujiandae kwa Olimpiki. Nakuambia tu kwamba huu ni mchezo ambao miguu haikimbii, na kinachopungua kwa umri kinaweza kupangwa upya kikijulikana ni kipi.

Haya, macho. Ukifika umri wetu lenzi ya jicho imekwisha kukakamaa, haibadiliki tena kutoka karibu kwenda mbali. Kijana anaruka kutoka kilengeo cha mbele hadi shabaha na kurudi bila kujua kwamba anaruka. Wewe huwezi, nami siwezi. Inabidi tuchague, na chaguo ni moja: kilengeo cha mbele kionekane kikali, shabaha iachwe iwe na ukungu kidogo. Wanafunzi wangu wengi wa umri mkubwa wanafanya kinyume chake. Wanaitafuta shabaha. Risasi za kwanza jicho halijachoka, wanapona. Kufikia ya saba jicho linawaka, wanashikilia zaidi na zaidi wakitafuta picha safi ambayo haiji, pumzi inakwisha, kisha wanainyakua triga ili mateso yaishe. Ya nane: saba. Ya tisa: sita. Ya kumi wamekasirika, hawajali tena, wanapata kumi! Angalia kadi zako uone kama nasema uongo.

Hiyo miwani yako inayounganisha mbali na karibu kwenye lenzi moja, ivue ukifika kwenye mkeka. Ukilala kifudifudi kichwa kinainama, unachungulia kwa kona ya juu ya lenzi karibu na pua, mahali ambapo mtengenezaji hakukusudia mtu atazame kitu cha maana. Nenda kwa mpima macho na karatasi uliyoandika hivi: "Kilengeo changu cha mbele kiko karibu mita moja kutoka jichoni, shabaha iko mita 23. Nataka lenzi moja ya namba moja tu, kwa jicho la kulengea." Kwa kawaida kinachofanya kazi ni namba yako ya mbali ikiongezwa +0.50, pengine +0.75. Hesabu yake ni rahisi: hiyo +0.50 ni nusu dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi), nayo inalipeleka jicho lililotulia kwenye mita mbili, na hapo, kwa msaada wa tundu dogo la kilengeo cha nyuma, kilengeo cha mbele na shabaha vyote vinaonekana vya kutosha. Tundu dogo linafanya kazi ile ile unayoifanya ukikunja ngumi na kuchungulia kwenye upenyo ili usome namba ya basi. Lakini lisiwe dogo kupita kiasi, mwanga ukapungua. Milimita 1.1 au 1.2 ni mahali pazuri pa kuanzia, na kama klabu ina tundu linalofunguka na kufunga, liazime. Lenzi ikae wima mbele ya jicho jinsi unavyolenga, kwa hiyo fremu ya kulengea inayorekebishika ni bora kuliko miwani ya kawaida, na bei yake hata robo ya bunduki haifiki.

Mambo mawili madogo hapo hapo. Jicho la kushoto usilifumbe, ukilifumba misuli ya uso wote inakaza na la kulia linachoka nalo. Liwekee kikaratasi cheupe kinachopitisha mwanga. Cha pili, pete ya kilengeo cha mbele. Nakisia bado unatumia ndogo uliyopewa siku ya kwanza. Omba kubwa zaidi. Ikiwa ndogo, duara jeusi la shabaha linagusa kingo, unaona kila mtetemo na unaogopa. Ikiwa kubwa, kuna mwanga mweupe pande zote na jicho lenyewe linaliweka duara katikati bila kuambiwa. Na kama taa zinakuonyesha miale au rangi zimefifia, mwambie mpima macho atazame mtoto wa jicho. Hilo wewe muuguzi unalijua kuliko mimi.

Mkono unaotetemeka. Jaribu hili kabla hujamtafuta mchawi: lala, funga mkanda wa bunduki mkononi, weka bunduki kwenye shabaha, fumba macho, vuta na toa pumzi mara tatu, fumbua. Kilengeo kiko wapi? Nakuapia hakiko kwenye shabaha, kiko pembeni, na wewe kila siku unakivuta kurudi kwa misuli ya mkono. Misuli hiyo ndiyo inayotetemeka, na ndiyo inayolegea sekunde triga inapoachia. Ukilala sawasawa hakuna msuli unaoibeba bunduki. Uzito unapita kwenye mfupa wa mkono wa kushoto mpaka kwenye kiwiko, na mkanda unashikilia. Kurekebisha usisukume bunduki. Kiwiko cha kushoto kibaki palepale kama msumari, halafu sogeza nyonga, kulia au kushoto, kidogo sana, kisha fumba macho upya. Itakuchukua dakika tano. Wenye haraka wanaruka hatua hii kwa sababu hakuna risasi inayotoka, na mimi nikiwa mwangalizi wa renji naweza kukuambia nani ameiruka kabla hajapiga.

Kama kilengeo kinadunda kwa mpigo, tik, tik, tik, huo si mtetemo, ni moyo wako. Mkanda umebana mshipa wa mkono. Upandishe juu zaidi karibu na bega au ulegeze tundu moja, na goti la kulia likunje kulipandisha upande ili tumbo na kifua visibanwe chini. Goti likikataa, usilazimishe. Kuna upigaji wa kukaa mezani bunduki ikiwa kwenye egemeo, nao una mashindano yake, na waliomo si watu wa kuonewa huruma.

Pumzi: toa, acha itulie yenyewe, na kuanzia hapo una sekunde tano mpaka nane. Zikipita, shusha bunduki, pumua, anza tena. Shusha, dada! Kushusha hakukatwi alama. Nimewahi kukaa na saa nyuma ya mzee mmoja aliyekuwa akishikilia sekunde kumi na nane kwa kila risasi, akiamini anapiga haraka. Kocha mwenye kifaa cha SCATT, kile kinachofungwa kwenye mtutu na kuchora kwenye kompyuta njia uliyopita kabla na baada ya kufyatua, atakuonyesha sekunde zako bila ubishi.

Sasa dawa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Bisoprolol ni beta-bloka. Katika kulenga shabaha, beta-bloka zimepigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, siku zote, ndani na nje ya mashindano, kwa sababu zinapunguza mapigo ya moyo na kutuliza mkono. (Orodha yenyewe kwa Kiswahili tunaiita ya dawa za kuongeza nguvu, wakati hii inazipunguza.) Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali mbili za bastola, fedha na shaba, baada ya kukutwa na propranolol. Wewe unapiga klabuni, na sidhani kuna mtu atakuja na kikopo cha mkojo Jumapili asubuhi. Lakini kabla hujajaza fomu ya shindano lolote la ngazi ya taifa, uliza chama kwa maandishi, na umwambie daktari wako mchezo unaocheza. Ziko dawa nyingine za presha zisizo za kundi hilo, yeye ndiye atakayejua kama zinakufaa. Usiiache wewe mwenyewe, wala usiruke kidonge siku ya kupiga. Wodini umeona kinachompata mtu anayeiacha ghafla.

Na ukimaliza kadi, usiinuke kwa kishindo. Pinduka, kaa kwenye mkeka, hesabu mpaka ishirini, ndipo usimame. Dawa za presha na kulala kifudifudi dakika ishirini haviendani na kuruka juu. Mikono ioshe kwa sabuni kabla ya chai, maana risasi za bunduki zina madini ya risasi, nayo ni sumu.

Kumpata kocha: anza klabuni, mara nyingi yupo na hajitangazi. Mtu mwenye makombe mengi si lazima awe mwalimu mzuri, wengine wanafundisha umbo la miili yao tu. Mpe nusu saa. Akianza kugeuza skrubu za kilengeo chako kabla hajakutazama ukipiga risasi kumi, mshukuru uende. Akikubadilishia mambo matano siku moja, vivyo hivyo. Mmoja mzuri anabadilisha moja, anakupa kazi ya wiki tatu, anaandika. Kwa umri wetu mara moja kwa mwezi yenye kazi ya nyumbani inatosha. Kila wiki unakuwa unalipia kuzungumza, na sisi watu wazima tuna ugonjwa huo: kijana akiambiwa sogeza nyonga anasogeza, mzee anataka kwanza aelezwe kwa nini, kisha asimulie alivyofundishwa mwaka 1986.

Kazi ya nyumbani yenyewe kubwa ni kufyatua bila risasi. Fanyia renjini, bunduki ikiwa imekaguliwa kwamba ni tupu, kumi kabla ya kadi na kumi baada yake. Tahadhari moja: bunduki za .22 nyingi hazipendi kufyatuliwa chumba kikiwa kitupu kabisa, pini inagonga ukingo wa chuma na kuuharibu. Weka ganda lililokwisha kutumika, uligeuze kidogo kila mara. Ukisikia "tik", endelea kutazama kilengeo sekunde mbili nzima, kisha sema kwa sauti kilikuwa wapi: "katikati", "chini kulia". Ukiweza kusema tundu liko wapi kabla hujachungulia kwenye darubini, huko tayari unajifundisha mwenyewe.

Usitarajie kadi ya kwanza baada ya kocha kupanda. Itashuka, pengine 87, maana mwili utakuwa unafikiri. Waambie waratibu wa ligi ya kadi wasikupandishe daraja mwaka huu.

Kuhusu cherehani, mwambie mumeo ana hoja. Kwenye picha uliyolala nimeona koti lako la shabaha ni la kununua kwa mtu, kubwa kwako, na limekunjamana begani palepale kitako kinapokaa. Vifungo vinahitaji kusogezwa ndani sentimita tatu au nne. Turubai lile ni gumu, atatumia sindano kubwa ya mkono na uzi uliotiwa nta.